Rakaa ya Nne

Jumatano, 5 Julai 1995

Suruali saba za kupunguza leo. Zote mitumba, zote za wanaume warefu wa huko Ulaya. Siku hizi hakuna anayeniletea kitambaa nimshonee nguo mpya. Basi napunguza. Cherehani nimeihamishia upande wa kushoto wa baraza ili niione njia, Mzee akirudi nimwone kabla hajaipita nyumba.

Maana juzi aliipita. Alitoka msikitini, akapita hapa mbele yangu, akaenda mpaka kwa muuza chumvi ndipo akageuka. Akasema alikuwa na mawazo. Mume wangu, Maalim Shabani, imamu wetu miaka kumi na tisa. Njia ile ile, mara tano kwa siku.

Tangu alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba cha ushirika, amebaki na msikiti tu. Wanunuzi binafsi wamejaa mjini Bariadi, kila mmoja na mizani yake na vijana wake. Hakuna anayemtaka karani wa zamani. Msikiti ndio kazi yake, ndio heshima yake. Wakimnyang'anya atabaki na nini?

Na wanataka kumnyang'anya. Kamati ilikaa Jumapili. Wanasema Maalim amechoka, anarudia sura ile ile, apumzike. Wanamtaka Ustadhi Bakari, aliyerudi kutoka masomoni Tanga. Miaka ishirini na minane. Simpendi. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kusoma.

Jioni amekuja Minza kwa ajili ya somo. Mke wa Idi fundi baiskeli, mtoto wa wafugaji wa Shishiyu. Alisilimu mwaka jana alipoolewa, akapewa jina la Mariamu, lakini sote bado tunamwita Minza. Swala ninamfundisha mimi. Ana kichwa chepesi. Leo tumesoma mambo ya kukosea katika swala ya jamaa. Imamu akisahau, mwanamume aliye nyuma yake aseme Subhanallah. Mwanamke asitoe sauti, apige kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili. Amenionyesha mara tatu. Ananiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chao. Akauliza, "Hata kama imamu ni Maalim, mayu?" Nikamwambia hata kama ni Maalim.

Alhamisi, 6 Julai

Niandike kama ilivyokuwa.

Alasiri. Siku ya mnada, msikiti umejaa. Wafanyabiashara wa ng'ombe wa Mwanhuzi. Wanunuzi wawili wa pamba waliosema wanatoka Shinyanga. Kamati yote. Ustadhi Bakari hakuwepo, Alhamisi na Ijumaa alasiri huwa anafundisha madrasa Lagangabilili. Sisi wanawake tulikuwa sita nyuma ya pazia jepesi, tunawaona wanaume kama vivuli. Minza kulia kwangu.

Rakaa ya kwanza. Ya pili, tahiyatu. Ya tatu. Mzee akanyanyuka kwenye sijida, akakaa. Hakusimama. Alikaa kama mtu aliyemaliza.

Nilijua. Sikushuku, nilijua. Nikajiambia ngoja, mwanamume mmoja atasema. Hakuna aliyesema. Wa mbele ni wazee, wa nyuma mawazo yako kwenye ng'ombe. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Haikuinuka.

Minza akapiga. Kofi moja, kisha jingine. Lilisikika msikiti mzima. Mzee akatoa salamu.

Akageuka, akawauliza wanaume, "Tumeswali ngapi?" Mmoja akasema nne. Mwingine akasema hana hakika. Mwenyekiti wa kamati akakohoa. Kikohozi kile nakijua. Ndicho alichokohoa kwenye mkutano kabla ya kusema Maalim apumzike.

Mzee akapaza sauti, "Mama Hadija, huko nyuma mmehesabu ngapi?"

Aliniuliza mimi kwa sababu miaka thelathini na moja sijamdanganya.

Nikasema, "Nne."

Akasema, "Alhamdulillahi. Basi huyo aliyepiga kofi ajifunze kwanza kuhesabu." Wanaume wakacheka. Minza akanigeukia. Alinitazama tu, kiganja chake bado kiko juu ya mkono wa pili.

Ijumaa, 7 Julai

Sijaandika yote jana.

Niliporudi nilifunga mlango wa chumbani, nikaswali alasiri upya. Peke yangu. Rakaa nne. Nilipomaliza nikabaki nimekaa kwenye mkeka. Yangu imetimia. Ya watu zaidi ya arobaini, na mume wangu akiwa wa kwanza wao, imepungua na hawajui. Nimejiokoa mimi, nikawaacha wao.

Minza hakuja leo kwenye Ijumaa. Nilimtazamia mpaka hotuba imekwisha.

Jumapili, 9 Julai

Bombani asubuhi. Foleni ndefu, maji yanadondoka kama machozi ya mtoto. Wanawake wanamzungumza Minza. Kwamba anapiga makofi msikitini, anadhani yuko ngomani. Kwamba juzi tu alikuwa hajui hata kutia udhu, leo anamrekebisha imamu. Mmoja akasema kwao bado wanatambikia mizimu, labda ndiyo imempanda.

Wakacheka. Wakanitazama mimi, mke wa imamu.

Nami nikacheka. Kidogo. Lakini nilicheka.

Jumatatu, 10 Julai

Idi amekuja kumwomba Mzee radhi kwa niaba ya mkewe. Alivua kofia. Mikono yake ina grisi isiyotoka, akawa anaificha. Akasema, "Maalim, nisamehe, mke wangu bado mgeni kwenye dini." Mzee akamwambia hakuna ubaya, ni kujifunza tu. Akamshika bega.

Niliwapelekea chai. Nilisimama nao na sinia mkononi mpaka Mzee akaniuliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu.

Mjinga mimi. Nafasi ilikuwa hapo hapo. Watu wawili tu, chumba kimoja, neno moja.

Jumatano, 12 Julai

Minza amekwenda kwao Shishiyu tangu jana. Nimemfuata Idi kwenye kibanda chake cha baiskeli kuuliza. Alikuwa ameinamia gurudumu, hakuinua uso. Akasema, "Mama, mwenzangu haswali tena. Anasema hajui kama anahesabu sawa. Anaanza, anafika katikati, anaikata. Anaanza tena, anaikata tena. Jana asubuhi akakunja mswala, akaniambia anakwenda kwa mama yake."

Kisha akasema jambo lililonichoma. Akasema, "Mimi nilimgombeza sana. Nilimwambia kama Mama Hadija amesema nne, basi ni nne."

Wakati wa kurudi nilikutana na Ustadhi Bakari. Nilitaka kukata kona. Akanisalimia kwa adabu, shikamoo, habari za Maalim. Kisha akasema amesikia habari ya Alhamisi, na kwamba haipendi namna watu wanavyomcheka yule dada. "Mama yangu, kukosea ndani ya swala si aibu. Hata Mtume alisahau, akatoa salamu kabla ya wakati, akaambiwa, akakamilisha. Hilo nalo ni fundisho. Mimi naogopa tu watu wasije wakaogopa kusema."

Hakuniuliza zilikuwa ngapi. Angeniuliza ningemdanganya na yeye.

Nimerudi nikashona miguu yote miwili ya suruali ikawa mmoja. Nikaifumua. Nilikuwa nimemchukia kijana huyu bure.

Ijumaa, 14 Julai

Yale aliyoogopa Bakari yametokea, na yametokea kwa mkono wangu.

Alasiri. Bakari yuko Lagangabilili. Mzee amemaliza rakaa ya nne, badala ya kukaa akasimama kwenda ya tano. Nikangoja. Kimya. Nikasikia kanzu na suruali za wanaume zikisimama nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama watu wanaovuka mto wasioujua kina. Walijua. Hakuna aliyethubutu. Nani atake kuchekwa kama Minza?

Safari hii nilipiga. Mzee akakaa mara moja. Akasoma tahiyatu, akasujudu sijida mbili za kusahau, akatoa salamu. Vizuri kabisa, kama inavyotakiwa.

Halafu akageuka. "Mmeona faida ya kuwa na mtu makini nyuma yako? Allah amlipe kheri Mama Hadija." Wanaume wakaitikia amina. Wanawake wakanibana mkono kwa furaha.

Kofi lile lile. Minza alilipiga akaitwa mjinga. Mimi nimelipiga nikaombewa dua.

Nyumbani alikula kwa raha, mara ya kwanza wiki nzima. Akaniambia, "Umeniokoa leo." Nilikwenda uani kuosha sahani.

Jumapili, 16 Julai

Nimekwenda Shishiyu. Nilimwambia Mzee nakwenda kumwona mwanafunzi wangu, na huo haukuwa uongo. Lori la mnunuzi wa pamba lilinichukua, nikakaa mbele na dereva. Hakupenda maneno, nami sikuwa nayo.

Mama yake Minza alinipokea. Mwangaluka, mwangaluka, akanisalimia kwa Kisukuma. Akaniletea kigoda na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Hakujua mimi ni nani katika habari hii. Alifurahi kwamba mwalimu wa mwanawe amesafiri kote huko. Nilikunywa yale maziwa kama dawa chungu.

Minza alikuwa shambani anachuma pamba, fuko limefungwa kiunoni. Aliniamkia bila kuacha kuchuma. Nikaingia mstari wa pili, nikachuma naye. Tulikwenda hivyo kitambo. Kisha nikasema, maana ningechelewa zaidi ningerudi nalo.

"Minza, zilikuwa tatu."

Mikono yake ikasimama.

"Nilihesabu sawa?"

"Ulihesabu sawa. Mimi pia nilihesabu tatu. Nilipokuwa nasema nne nilijua ni tatu."

Akakaa chini palepale, katikati ya mistari. Akalia kwa sauti, hakujificha. Nilifikiri ni hasira. Akasema, "Nilidhani kichwa changu kimeharibika, mayu. Hata ng'ombe wa baba nimekuwa nawahesabu mara mbili mbili. Nikasema basi mimi si mtu wa kuswali."

Nikapiga magoti nikamwomba anisamehe. Nikamweleza habari ya Mzee, jinsi anavyosahau, na jinsi kamati inavyomsubiri aanguke. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafuta uso kwa kanga.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini hapa tuko wawili na pamba. Kule ulisema mbele ya watu."

Akasimama, akaendelea kuchuma. Hakunifukuza. Nilichuma naye mpaka lori liliporudi.

Jumatatu, 17 Julai

Nimemwambia.

Baada ya chai ya asubuhi. Alikuwa anatafuta miwani, nikampa, nikamwambia akae. Nikaeleza kuanzia kofi la Minza mpaka shamba la pamba. Sikujitetea. Nilijaribu kutojitetea.

Alifuta miwani muda mrefu hata nikadhani amesahau tunazungumza nini. Kisha akauliza, "Ulinionea huruma?"

"Ndiyo."

"Mimi ningesimama, nikaongeza moja, nikasujudu mara mbili, nikaja nyumbani. Jambo la dakika tatu. Wewe umelifanya siku kumi na moja."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba tangu mwezi wa Ramadhani anakunja vidole vya miguu ndani ya soksi, kidole kimoja kwa kila rakaa. Na bado anapotea. Anafika kwenye sijida, akirudi hajui ni kidole gani. "Nilijua naanza kuondoka, Zena. Nilichokuwa nacho ni kwamba nikikuuliza wewe, nitapata kweli."

Ameniita kwa jina langu. Hajaniita hivyo tangu Hadija azaliwe.

Nilikwenda kushona. Sikushona kitu.

Jumatano, 19 Julai

Haongei nami isipokuwa ya lazima. Chumvi. Maji ya udhu. Mlango.

Amemwita Bakari, wameongea barazani tangu adhuhuri mpaka alasiri. Sikusogea karibu. Bakari alipotoka aliniaga na kuniita mama kama kawaida. Macho yake yalikuwa mekundu.

Ijumaa, 21 Julai

Baada ya swala ya Ijumaa Mzee aliwaomba watu wasitoke. Alisimama, ameshika nguzo. Akasema Alasiri ya Alhamisi ya wiki mbili zilizopita aliwaswalisha tatu. Kwamba muda umeshapita sana, haiwezekani tena kuongeza moja, kila aliyeswali siku ile airudie yote. Kwamba kosa ni lake. Kwamba Minza mke wa Idi ndiye peke yake aliyefanya wajibu wake siku ile, na yeye akamfanyia dhihaka, na anaomba msamaha wake na wa mumewe mbele ya wote.

Alikuwa ananificha. Alitaka kulibeba lote. Hata baada ya wiki hii.

Nilikuwa nimemwambia nitasema mwenyewe, naye akakataa. Nikasimama. Nikashika pazia, sikulifungua. Sijawahi kusema kitu kirefu mle ndani.

Nikasema, "Maalim aliuliza. Mimi nikajibu nne, na nilijua ni tatu. Yeye alisahau. Mimi sikusahau. Minza nilimfundisha mimi kupiga kofi, na mimi ndiye niliyemwacha achekwe. Na bombani nilicheka nanyi."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akafyonza. Mwenyekiti akaanza kukohoa, hakumaliza.

Idi alisimama upande wa wanaume. Nilimtambua kwa sauti. "Yote haya nimeyasikia. Sasa nani ataniandikia barua, nimpelekee baba yake Minza?" Bakari akasema ataandika yeye, na atakwenda naye.

Mzee akasema tangu leo hataswalisha. Atabaki na watoto wa madrasa asubuhi, na hapo Bakari akikubali. Hakulia. Wazee wawili walilia.

Jumanne, 25 Julai

Watu wanarudia alasiri yao. Wengine wameirudia nyumbani, wengine wamekuja msikitini, nawaona wakipita. Wafanyabiashara wa Mwanhuzi wamepelekewa habari na mwenzao. Wale wanunuzi wawili wa pamba wameshaondoka. Tumewauliza wenye magari, tumewauliza kwenye vituo vya kununulia. Hakuna anayewajua majina. Hao wawili wanaendelea na maisha yao huko waliko na swala yao pungufu, na iko shingoni mwangu. Mzee anasema Mungu anajua kwamba hawajui. Kwao inatosha. Kwangu haitoshi.

Mama mmoja amekuja kuchukua suruali za wanawe ambazo sijazigusa. Akasema atazipeleka kwa fundi mwingine. Nimezikunja vizuri nikampa.

Hadija ameandika kutoka Tabora kuuliza habari za nyumbani. Sijajibu. Nitajibu kweli, lakini sijapata pa kuanzia.

Jumamosi, 29 Julai

Idi na Bakari wamerudi kutoka Shishiyu. Minza yuko pamoja nao. Baba yake hajui kusoma na dini yetu haijui, lakini alitaka barua isomwe mara mbili mbele ya ndugu na majirani zake, kwa Kiswahili na kisha kwa Kisukuma. Bakari anasema mzee yule alipoelewa kwamba mwanawe alihesabu sawa, na watu wazima wote wakakosea, aliagiza mbuzi achinjwe. Idi akachinja yeye.

Sikwenda kumpokea. Si haki yangu.

Mzee leo ameniomba nimkate kucha. Nimemkata mikono na miguu. Alipoinuka aliegemea bega langu.

Jumatano, 2 Agosti

Alasiri. Bakari anaswalisha, sauti yake bado ina haraka ya ujana. Mzee yuko safu ya kwanza, nyuma yake kidogo upande wa kulia. Bakari alimwomba asimame hapo.

Sisi tulikuwa wanne. Minza aliingia wa mwisho. Akaenda kusimama mwisho kabisa wa safu, wanawake wawili kati yetu. Sikumtazama.

Swala ikakimiwa. Yule wa karibu yangu mtoto wake akaanza kulia mlangoni, akatoka kumchukua. Wa pili akasema amekumbuka udhu wake umetenguka, naye akatoka. Nafasi ikabaki tupu, upana wa watu wawili. Bakari akasema kule mbele kama anavyosema kila siku, nyoosheni safu, zibeni nafasi.

Sikusogea. Niliogopa kusogea.

Nikasikia kanga yake. Akaja hatua moja, akaja ya pili, mpaka bega lake likagusa langu. Akafunga mikono kifuani.

Sijui kama ni msamaha au ni sheria ya safu tu. Minza alipotoa salamu alivaa ndala zake akatoka. Nimebaki nikakunja mikeka, nikafagia upande wetu, nikarudi nyumbani nyuma ya Mzee, polepole, kwa mwendo wake.